Vumbi la Nyumba Yetu: Haki ya Watoto Tunapokarabati Majengo ya Zamani

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na mafundi, Lupaso)



Ndugu wapendwa, wajumbe wa Halmashauri ya Walei, makatekista, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, akina mama wa WAWATA, vijana, nanyi mafundi mlioacha kazi zenu kwa siku moja ili mketi pamoja nasi:

Tulipotangaza kwamba mada ya leo itahusu rangi ya milango, baadhi yenu mlitabasamu. Mzee wetu mmoja alituuliza kwa upole, "Baba, je, Haki na Amani imekwisha kazi? Migogoro ya ardhi ipo, bei ya korosho ipo, leo tunaitwa kufundishwa kupaka rangi?" Tulimshukuru kwa swali lake, na mada hii yote ndiyo jibu letu kwake.

Tuanze kwa kuungama. Miaka michache iliyopita, katika kigango kimoja tulichokuwa tukikihudumia, tuliamua kuigeuza nyumba kuukuu kuwa darasa la chekechea. Milango na madirisha yake yalikuwa na rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka, iliyopakwa na watu waliokwisha kufa. Tuliwapa vijana misasa, vyuma vya kukwangulia na tochi ya moto. Walikwangua kwa siku tatu. Watoto walicheza chini ya madirisha, wakaokota vipande vya rangi kama wanavyookota maua. Akina mama walifagia kwa mafagio makavu hata vumbi likafika darini. Fremu zilizooza ziligawiwa kuwa kuni za kupikia. Jumapili tukalibariki darasa, tukapiga vigelegele.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini sisi tuliosimamia kazi ile hatukuuliza swali hata moja juu ya rangi ile, na leo hatuwezi kuwaambia wazazi wa watoto wale kwamba hawakudhurika. Msimu huu wa kiangazi vigango vyetu kadhaa vinajiandaa kukarabati nyumba za makatekista, madarasa na makanisa ya zamani. Kabla ya msasa wa kwanza kugusa mlango, tunataka tukubaliane jambo moja: anayetimua vumbi ana deni kwa yule anayelivuta.

1. Risasi katika rangi

Risasi tunaifahamu. Ndiyo inayoyeyushwa kwa ajili ya gobole. Ndiyo uzito wa wavu wa mvuvi wa pwani. Ndiyo mabamba mazito yaliyomo ndani ya betri ya gari. Ni metali laini na nzito, huyeyuka kwa moto wa kawaida wa mkaa, na kwa sababu hiyo imempendeza mwanadamu tangu zamani.

Waliotengeneza rangi waliipenda pia. Risasi nyeupe iliifanya rangi ifunike vizuri na kuvumilia jua na mvua. Risasi nyekundu ilipakwa juu ya chuma ili kisipate kutu. Risasi iliyochanganywa na kromu ilitoa manjano inayong'aa. Madhara yake hayakuwa siri. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji rangi wa ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi katika nyumba za watu mwaka 1978. Viwango vya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki navyo sasa vinataka rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja. Ni hatua njema. Lakini kiwango kipya hakiukwangui mlango wa zamani. Rangi iliyopakwa wakati wa babu zetu ingali ukutani, na risasi haiozi kama ubao uozavyo. Ikianguka chini leo, wajukuu wataikuta pale pale.

Inaingiaje mwilini? Kwa kuvuta vumbi na moshi wake, na kwa kuimeza. Mtoto anayetambaa hushika sakafu, kisha hutia vidole kinywani. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima anayemeza kiasi kile kile, na kwamba hakijajulikana kiwango cha risasi katika damu ambacho hakina madhara. Risasi hudhuru ubongo unaokua, hupunguza damu, huumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Hujificha ndani ya mifupa kwa miaka mingi. Mama akiwa mjamzito hutoka mifupani ikamfikia mtoto tumboni, na baadaye hupita katika maziwa.

Jambo la kutisha zaidi ni ukimya wake. Mtoto haanguki siku ile ile. Hupungua polepole: hashiki masomo, hana utulivu, tumbo linamuuma, hana damu. Mwalimu atamwita mvivu. Jirani atanong'ona kwamba amerogwa. Hakuna atakayekumbuka madirisha tuliyoyakwangua.

2. Mlango wa jirani: Owino Uhuru

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Katika mji wa Mombasa kuna kijiji cha Owino Uhuru, chenye wakazi wapatao 3,000. Ukutani mwa kijiji hicho kiliwekwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi wake uliingia majumbani na maji yake machafu yakapita vichochoroni. Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, alikuwa mfanyakazi katika kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga aliugua, waganga wakahangaika na maradhi ya kawaida, mpaka damu yake ilipopimwa ikaonekana ana sumu ya risasi. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kuwasemea majirani zake. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi. Mahakama ikamwachia huru. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Je, mambo yalikwisha pale kiwanda kilipofungwa? La. Risasi ilibaki katika udongo, juu ya mapaa na katika damu ya watu. Wakazi walikwenda mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na udongo wao usafishwe. Kati ya waliotiwa hatiani walikuwamo wenye kiwanda, na zilikuwamo pia ofisi za serikali zilizopaswa kukizuia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia ile. Mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirudisha. Hesabuni wenyewe: tangu kiwanda kufungwa mpaka neno la mwisho la mahakama ilipita miaka 10. Mtoto aliyekuwa akinyonya wakati mama yake anaanza kulia, siku ile alikuwa kijana.

Hapo tunajifunza kwamba kuzuia vumbi ni kazi ya wiki moja, na kuliondoa baadaye ni kazi ya kizazi.

3. Kuhamisha si kusafisha

Hapa kwetu Tanzania nako mahakama imewahi kusema. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kutupa na kuchoma taka karibu na nyumba zao, wakashinda. Jiji likafanya nini? Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, kwa watu wengine. Nao wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 1991 wakapewa haki. Mahakama ilikumbusha kwamba Katiba yetu, katika ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi, na kwamba kumtupia mtu taka zinazohatarisha afya yake ni kuigusa haki hiyo. Baadaye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikaandika wazi kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kwamba mchafuzi ndiye anayepaswa kubeba gharama.

Tunaweza kulilaumu jiji. Lakini fundi anapokusanya vumbi la rangi na kulimwaga nyuma ya uzio, kwa mjane asiye na msemaji, yeye amefanya tofauti gani? Sisi watu wa korosho twalijua vumbi. Tunapopuliza salfa kwenye mikorosho, upepo hauulizi mpaka wa shamba. Jirani hukohoa hata kama hakununua mfuko mmoja. Hata vumbi la rangi halijui uzio.

4. Kuhani na nyumba yenye pigo

Wapendwa, msishangae kuhani kusimama mbele yenu na kusema juu ya kuta. Someni nyumbani Kitabu cha Walawi, sura ya 14. Pale Mungu anawapa Waisraeli utaratibu wa nyumba iliyopatwa na pigo ukutani. Mwenye nyumba hafichi. Anakwenda kumwarifu kuhani. Kuhani haanzi kwa kukwangua. Kwanza anaamuru vitu vyote vitolewe nje. Nyumba inafungwa kwa siku saba. Ndipo mawe mabaya yanang'olewa, kuta zinakwanguliwa pande zote kwa ndani, na kilichokwanguliwa kinapelekwa nje ya mji, mahali palipotengwa kwa vitu najisi. Halafu yanawekwa mawe mapya na udongo mpya, na nyumba inakaguliwa tena.

Hatusemi kwamba Musa alikuwa akizungumzia risasi. Tunasema kwamba hekima ile ina hatua ambazo sisi katika kigango chetu tuliziruka zote: kutangaza, kuhamisha watu na vyombo, kuufunga mlango, kukwangua kwa utaratibu, kutenga taka, kukagua. Na katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, tunasoma juu ya mtu aliyechimba shimo asilifunike, na ng'ombe wa mwenziwe akatumbukia: aliyelichimba atalipa. Ikiwa ng'ombe ana haki hiyo, mtoto wa chekechea je?

5. Utaratibu wa kazi

Nchi zilizoumia kwa risasi zimeweka kanuni kwa mafundi. Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 2010 inamtaka fundi anayelipwa kukarabati nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 awe amefunzwa na kupewa cheti. Sisi tuchukue kiini cha kanuni hizo, tukitumie kwa vifaa vinavyopatikana hapa Masasi na Newala.

Kwanza, rangi yoyote ya mafuta iliyo ya zamani na isiyopimwa ihesabiwe kuwa ina risasi. Rangi haina alama usoni. Penye uwezo, kipande kipelekwe kwa wataalamu wa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Pili, rangi iliyoshika imara, isiyobanduka, isikwanguliwe. Ioshwe, ifunikwe kwa rangi mpya isiyo na risasi. Kazi isiyofanyika haina vumbi.

Tatu, watoto na akina mama wajawazito wasikanyage mahali pa kazi mpaka pamekaguliwa. Vyombo vyote vitolewe. Kisichotoka kifunikwe.

Nne, sakafu, na ardhi iliyo chini ya dirisha, vitandikwe nailoni nzito. Milango ifungwe kwa nailoni. Siku ya upepo mkali kazi ya nje isimame.

Tano, rangi ilowanishwe kabla ya kukwanguliwa, na iendelee kulowanishwa. Msasa mkavu ni marufuku. Mashine ya kusaga rangi bila kifaa cha kunasa vumbi ni marufuku. Tochi ya moto ni marufuku, maana moto hugeuza sumu kuwa moshi.

Sita, fundi avae barakoa ya vumbi inayobana uso. Kitambaa peke yake hakitoshi. Asile wala kuvuta sigara kazini. Anawe kwa sabuni kabla ya chakula, abadili nguo kabla ya kumbeba mwanawe, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Saba, tusifagie pakavu. Nailoni ikunjwe kwa ndani, kisha sakafu na kingo za madirisha zifutwe kwa tambara na maji ya sabuni, mara ya pili kwa maji safi. Maji hayo yasimwagwe bustanini wala karibu na kisima.

Nane, taka zote zitiwe katika chombo chenye mfuniko, kiandikwe "SUMU", kifungiwe mbali na watoto, na afisa afya au afisa mazingira wa halmashauri aulizwe pa kukipeleka. Mbao zenye rangi kuukuu zisiwe kuni kamwe, wala majivu yake yasitiwe shambani.

Neno moja kwa ndugu zetu wa uwandani Newala, ambako maji ni ya shida na mvua ya paa ni baraka. Paa linalokusanya maji ya kunywa lisipakwe rangi yenye risasi, wala lisizibwe kwa bamba la risasi. Paa likikarabatiwa, mfereji utenganishwe na kisima, nalo lioshwe kabisa kabla ya kuunganishwa tena. Mvua ya kwanza ya msimu imwagwe.

6. Kama tumekwisha kuchafua

Mtauliza: je, pale tulipokosea zamani? Nigeria, katika jimbo la Zamfara, mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyotoka katika mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Madaktari walikuwa na dawa, lakini waliona kwamba kumtibu mtoto na kumrudisha katika ua ule ule wenye sumu ni bure. Basi vijiji vilisafishwa kwanza: udongo wa juu uliondolewa, ukaletwa udongo safi. Dawa bila usafi haikutosha.

Nasi tufanye kwa kipimo chetu. Chini ya madirisha tuliyokwangua, vipande vinavyoonekana viokotwe kwa mikono yenye glavu, na udongo ulowanishwe kabla ya kuguswa. Udongo huo ufunikwe kwa udongo safi na kupandwa majani, au kwa sakafu ya saruji, ili watoto wasiuchezee. Ndani pafutwe kwa maji kila juma. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Wapewe maharage, dagaa, mboga za majani na matunda, kwa kuwa mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na chokaa hunyonya risasi zaidi. Mtoto mwenye dalili apelekwe hospitali, na mzazi amweleze mganga waziwazi juu ya rangi au betri, maana mganga asiyeambiwa hataifikiria.

Tumetaja betri. Umeme wa jua umetuletea betri nyingi vijijini, nazo zikifa hupasuliwa uani, asidi humwagwa, na risasi huyeyushwa kwenye sufuria. Owino Uhuru ilikuwa ni kazi hii hii, kwa ukubwa tu. Betri mbovu irudishwe nzima kwa mnunuzi mwenye kibali. Isivunjwe nyumbani, na sufuria iliyoyeyushiwa risasi isirudi jikoni.

7. Deni ni la nani?

Turudi kwa mzee wetu. Mtu akiuza kiwanja cha mwenziwe tunaiita dhuluma. Je, kumnyang'anya mtoto akili aliyopewa na Mungu si dhuluma, eti kwa sababu ilifanyika kwa msasa na bila kelele?

Deni hili lina mgawanyo. Fundi anadaiwa uangalifu. Lakini yeye ndiye anayevuta vumbi la kwanza, na mara nyingi tunampa kazi kwa bei ya chini kuliko zote. Anayekubali bei isiyo na nailoni, barakoa na sabuni, na anayeitoa, wote wawili wamekubaliana kwamba mtoto atalipa kilichobaki. Mfanyabiashara anadaiwa kuuza rangi ambayo kopo lake lasema ukweli. Serikali inadaiwa ukaguzi. Na Kanisa linadaiwa zaidi, kwa kuwa watu walituamini wakatuachia watoto wao.

Tunapendekeza basi, na tunaomba Halmashauri ya Walei ipige kura leo: kazi yoyote ya kukwangua rangi katika vigango vyetu isianze kabla ya fedha za nailoni, barakoa na sabuni kutengwa, mtu mmoja ateuliwe kukagua kabla watoto hawajarudi, na kazi ifanyike wakati wa likizo. Kama fedha hazitoshi, tukarabati madirisha mawili mwaka huu na mawili mwakani. Ni afadhali mlango mkuukuu uliooshwa kuliko mlango mpya uliolipiwa na damu ya wadogo.

Nasi, kwa upande wetu, tutarudi katika kigango kile. Tutawaambia wazazi tulichokifanya, na tutaanza kwa kuufunika udongo ule. Malipizi yasiyogusa ardhi tuliyoichafua hayajakamilika.

Mungu aliyetukabidhi bustani ili tuilime na kuitunza atupe macho ya kuona hata vumbi. Amina.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika eneo letu, ni majengo gani ya zamani ambamo watoto hulala, husoma au hucheza? Rangi yake ina hali gani?
2. Betri zilizokufa huishia wapi katika kijiji chetu? Nani huziyeyusha, na watoto wake wako wapi wakati huo?
3. Tulipokarabati mara ya mwisho, tulimlipa fundi kiasi gani kwa ajili ya usalama wake?
4. Ni nani katika jumuiya yetu atakayekwenda kuonana na afisa afya wa kata juu ya taka hizi, na lini?